Barua Iliyokosa Msomaji

Mwaka jana niliona vema karatasi za zoezi la kusoma za darasa langu la jioni, hapa Bujumbura, zisiwe na ile sura kavu ya vitabu. Zoezi lenyewe lilikuwa barua ya mke kwa mumewe aliye safarini. Nikasema moyoni, barua na ifanane na barua. Katika kompyuta nikachagua herufi ziitwazo Mistral, nikachapa, nikagawa kwa furaha.

Herufi hizo si ngeni machoni petu, ingawa ni wachache walijuao jina lake. Alizichora Mfaransa Roger Excoffon, mzaliwa wa Marseille, akifuata mwandiko wa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1953 kiwanda cha kusubu herufi cha Fonderie Olive, mjini humo humo, kikazitoa. Jina ni la upepo mkali uvumao kusini mwa Ufaransa. Enzi ile kila herufi ilikuwa kipande cha risasi peke yake. Kwa hiyo ilimpasa mchoraji kuhakikisha kwamba mkia wa kila moja unaishia pale inayofuata inapoanzia, kusudi a iungane na b, na vilevile na z, pasipo mwanya. Naistahi kazi hiyo. Maduka na mikahawa ya Ufaransa iliipenda kwa mabango yake. Mwaka 2011 Mistral ikaonekana, kwa rangi ya waridi, katika maandishi ya filamu ya Marekani iitwayo Drive. Kwenye kadi ya arusi pia, jina la bibi arusi likikaa peke yake, sina ugomvi nayo.

Lakini bango lina maneno mawili matatu. Kiswahili chetu kina m, n, u na i tele. Neno kama “umenunua” likiandikwa kwa Mistral huwa safu ya vilima, nawe huna hakika kilima kipi ni cha n na kipi ni cha u. Msomaji mzoefu hukisia. Ajifunzaye atakisia kwa kitu gani?

Mama mmoja wa makamo, aliyeanza kusoma juzi juzi, aliitazama karatasi, akaikunja, akasema amesahau miwani nyumbani. Sikupata kumwona na miwani hata siku moja. Juma lililofuata hakuja, wala la pili. Nilimfuata sokoni anakouza dagaa. Aliniamkia kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, nilidhani yote niliyojifunza yamenitoka.”

Mkobani nilikuwa na barua ile ile, imechapwa upya kwa herufi zilizosimama mbalimbali. Nikampa. Aliketi juu ya gunia akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, wateja wakingoja. Alipofika pale mke anapouliza fedha za karo zitafika lini, alicheka.

“Kumbe ndiyo aliyokuwa akiyasema!”