Radio ya Mzee

Wandugu wanafunzi, tuwaambie kosa letu. Mzee mmoja wa Walikale alituachia radio yake ya zamani, ju sauti ilikuwa mbali. Tukazungusha viskurubu vya bobini kwa turnevisi ya chuma, bila alama. Ikanyamaza kabisa. Kila siku mzee aliuliza: "Watoto, habari ya barabara?" Tukamudanganya wiki mbili, halafu tukaungama. Akasema: "Mungeniambia mapema."

Fundi wa Masisi akaleta chombo cha kutoa mawimbi, akakiweka kwenye kilohezi 455, kipimo cha radio nyingi za zamani. Akatupa kijiti cha plastiki, ju chuma kinapotosha bobini. Tukazungusha polepole mpaka mushale ukapanda. Usiku, Kiswahili kikasikika. Tumejifunza kupima kwanza, na kusema kweli mapema.