Kabla ya Kumwita Ngariba

Siku ya saba, baada ya akika, mwanangu alitahiriwa nyumbani kwetu Singida. Hadi Alasiri damu ilikuwa haijakoma. Hospitalini tuliulizwa: alipozaliwa, alichomwa sindano ya vitamini K? Alizaliwa nyumbani, hakuchomwa. Alipochomwa, baada ya saa chache damu ilikoma, Alhamdulillah.

Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini hiyo, ambayo ini huihitaji ili damu igande, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Sisi wakubwa huipata katika mboga za majani. Miligramu 1 pajani, mara tu azaliwapo, humkinga.

Ndugu yangu katika imani, uliza kwanza. Tawakali haikutuondolea wajibu wa kumfunga ngamia.