Kikombe Kinamtosha Mtoto

Hapa Ruaha Mbuyuni, msimu wa vitunguu ukifika, mama mwenye mtoto mchanga huniuliza, "Sista, ninunue chupa gani?" Anatakiwa shambani, na mtoto atabaki na bibi yake.

Mimi humjibu: usinunue chupa. Tafuta kikombe kidogo kilicho wazi na bakuli lenye kifuniko.

Sababu ni usafi. Shingo ya chupa na chuchu ya mpira huficha mabaki ya maziwa, na katika joto letu vijidudu huzaliana upesi. Mtoto huharisha, akaishiwa maji mwilini. Kikombe waweza kukisugua chote kwa sabuni. Tena, mtoto aliyezoea chuchu ya chupa huweza kulikataa ziwa. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1981 inakataza hata chupa na chuchu zisitangazwe kwa wananchi.

Kabla ya kutoka, mnyonyeshe, kisha nawa mikono, kamua maziwa, uyafunike na kuyaweka kivulini penye ubaridi. Yanywewe mapema, yasizidi saa 4. Bibi ampakate mtoto kichwa kikiwa juu, aguseshe kikombe mdomo wa chini, amwache anywe mwenyewe. Asimmiminie, asije akapaliwa.

Mpaka miezi 6 hahitaji kingine, hata maji. Mama mkwe akileta chupa ya zawadi, mshukuru kwa upole, kisha mwonyeshe kikombe. Mabibi wengi hujifunza upesi kuliko sisi.