Ile Leseni Haikuwa Yetu

Akina mama wenzetu, habari hii imetuwia vigumu kuiandika, maana ndani yake sisi wazazi ndio tuliokosea na mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini tunaona vijana wengi wa majirani wakienda vyuoni na kurudi na mambo ya kompyuta, nasi wazazi tukiwaagiza vitu tusivyovielewa. Tumeshauriana nyumbani, tukaona tusiyafiche.

Tunaishi Morogoro, na riziki yetu inatoka katika duka dogo la steshenari. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi na, msimu ukifika, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Kazi yote hiyo ilitegemea kompyuta moja ya mezani, mtumba wa Ulaya, tuliyoinunua mwaka 2019. Fundi alitupigia Windows kwa shilingi 15,000, akatuhakikishia kwamba kila kitu kimo na hatutasumbuka tena. Hatukumwuliza ameitoa wapi. Ukinunua redio, huulizi sauti imetoka wapi.

Haikupita miezi mingi, pembeni mwa kioo, chini upande wa kulia, yakatokea maneno hafifu ya Kiingereza yakitutaka tuthibitishe Windows yetu. Picha ya nyuma ikawa haibadiliki. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchapa mtihani akayasoma, akacheka: "Kumbe mashine yenu ni ya magendo!" Alisema kwa utani, lakini tuliona haya. Tukamwita fundi. Akachomeka flashi yake, akatuambia tuzime kwanza programu ya kuzuia virusi, akabonyeza hapa na pale, maneno yakatoweka. Baada ya wiki chache yakarudi, na safari hii yalikuja na wageni: flashi za wateja wetu zikichomekwa, mafaili yao yote yanageuka vijialama visivyofunguka. Mama mmoja alipoteza orodha nzima ya wanachama wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hatukuweza kumlipa kitu isipokuwa kumchapia upya bure, siku mbili mfululizo, kutoka katika daftari lake.

Tulikuwa katika hali hiyo kijana wetu alipokuja likizo mwaka 2022. Alikuwa akisoma mambo ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, anamaliza mwaka wa pili. Tukiwa mezani jioni akatueleza kwa furaha kwamba chuo kinawapa wanafunzi wa fani yao Windows bila malipo, ile inayoitwa Education, na kwamba kila mmoja anapewa namba yake ya ufunguo. Yeye alikuwa bado hajaichukua.

Sisi tulisikia neno moja tu: bila malipo. Tulikuwa tumeshaulizia bei ya Windows halali. Toleo la Pro liliuzwa dola 199 za Marekani, fedha ambazo duka letu lingezitafuta kwa miezi. Na hapa mezani tulikuwa tumekaa na mtoto mwenye namba ya bure! Tukamwambia asubuhi aiweke dukani.

Alisita. Akasema, "Mama, masharti yanasema ni ya mwanafunzi, kwa masomo. Siyo ya biashara." Tukamkatiza. Tukamwuliza ada yake inatoka wapi kama si katika duka hilo hilo, na tangu lini nyumba moja ikawa na changu na chako. Baba yake akaongeza kwamba biashara hiyo ndiyo masomo yenyewe. Kijana akainama, akasema, "Sawa, Baba." Kesho yake akaifuta Windows ya fundi pamoja na virusi vyake, akaweka ile ya chuo. Mashine ikawa nyepesi, maneno ya pembeni yakaondoka, nasi tukamsifu mbele ya wateja. Tukikumbuka zile sifa sasa, tunaona aibu.

Mwaka wa tatu ulipoanza akatupigia simu usiku. Ilibidi atueleze polepole. Kompyuta mpakato yake ilikuja na Windows toleo la Home, la matumizi ya nyumbani. Somo lao jipya liliwataka watengeneze kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta halisi, ili wajifunze kuunganisha mitandao bila kununua mashine kumi. Mhadhiri wao alitaka wote watumie kifaa kiitwacho Hyper-V, nacho hakimo katika Home. Kimo katika Pro, Enterprise na Education. Kwa hiyo alihitaji ile namba ya chuo. Akaijaribu, ikakataa, kwa kuwa ilikwisha kutumika kwenye mashine nyingine. Akaomba namba ya pili, wakamjibu aeleze kwanza ile ya kwanza imekwenda wapi.

"Mama," akauliza, "niandike nini?"

Tutakiri. Jibu la kwanza lililotutoka lilikuwa, "Waambie kompyuta iliibiwa." Lilitoka upesi, kama la mtu aliyezoea. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini Mama, kompyuta yenyewe ndiyo natakiwa kuwapelekea waione."

Hakusema kwa ukali. Lakini simu ilipokatika tulikaa kitandani bila kuzima taa. Huyu ndiye mtoto tuliyemrudisha dukani kwa mangi akiwa na miaka saba ili arudishe chenji iliyozidi. Sasa alikuwa anatuuliza ruhusa ya kusema kweli, na sisi tumempa uongo, tena uongo usiofaa hata kwa kazi yake. Alfajiri tukampigia tukamwambia aandike kama ilivyokuwa: kwamba wazazi ndio walioagiza. Alikataa kutuandika. Aliandika kwamba aliiweka kwenye kompyuta ya biashara ya familia na kwamba ataiondoa.

Majibu yalichelewa kama wiki mbili. Wiki hizo zote alifanya mazoezi yake usiku, kwa kusubiri mwenzake amalize na kumwazima mashine. Hatimaye wakampa namba nyingine, wakamwonya kwamba hakutakuwa na ya tatu.

Aliporudi Desemba kuja kuiondoa Windows ya chuo dukani, tulimwomba akae atueleze vizuri, naye akatueleza kwa namna ambayo hata sisi tuliishika. Windows, alisema, ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziongoza nyingine zote. Ukiinunua hununui programu yenyewe. Unanunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Ni kama chumba cha kupanga: umelipa, unalala, lakini huwezi kukigeuza baa kwa kuwa una ufunguo. Na hapa kwetu programu za kompyuta zimetajwa katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, pamoja na vitabu na nyimbo. Sisi ambao kila siku tunawakatalia wanafunzi kutoa fotokopi ya kitabu kizima hatukuwa tumelijua hilo.

Leseni zenyewe si za namna moja. Ipo inayozaliwa na mashine: kiwanda kinaiweka humo, na haihami, mashine ikifa nayo inakufa. Ipo ya kununua peke yake, ambayo waweza kuiondoa kwenye mashine ya zamani ukaiweka kwenye mpya. Halafu zipo hizi za vyuo, na hapa ndipo wazazi wengi tunapotea, kwa sababu nazo zina sura mbalimbali.

Ya kijana wetu ilikuwa namba moja kwa mwanafunzi mmoja, kwa kusomea na kufanyia utafiti, si kwa biashara. Vyuo vingine havitoi namba; mashine inathibitishwa na seva ya chuo chenyewe. Uthibitisho huo hudumu siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha yenyewe kila baada ya siku 7 inapokuwa kwenye mtandao wa chuo. Mtoto akihitimu, au akikaa nyumbani muda mrefu bila kuufikia mtandao huo, siku 180 zikiisha maneno yale ya pembeni yanatokea. Hakuna aliyemwibia, ruhusa imekwisha. Na leseni za Windows ambazo chuo hununua kwa jumla kwa ajili ya kompyuta nyingi kwa kawaida ni za kupandisha toleo tu: lazima mashine iwe tayari na Windows yake halali. Mzazi anayemnunulia mtoto kompyuta isiyo na chochote ndani, akitumaini chuo kitajazia, anaweza kuwa amepunguza bei mahali pasipofaa.

Ipo na ile ya akaunti. Mwanafunzi anapewa barua pepe ya chuo, na kwa barua pepe hiyo anapata Word, Excel na mahali pa kuhifadhi mafaili kwenye intaneti. Akiondoka chuoni akaunti hufungwa, kila chuo kwa wakati wake, na vilivyomo huondoka nayo. Binti wa jirani yetu, mwalimu sasa, aliweka humo maandalio yake yote ya masomo na picha za mahafali. Alipokumbuka kwenda kuvichukua, mlango ulikuwa umefungwa. Vijana wenu walio mwaka wa mwisho waambieni wahamishe vitu vyao leo, si baada ya sherehe.

Sasa sikilizeni kichekesho. Kijana alipoifungua kompyuta yetu ya duka ili aisafishe, aligundua kwamba ilikuwa na leseni yake tangu kiwandani, Windows 10 Pro, namba yake imehifadhiwa ndani ya bodi ya mashine. Fundi, kwa haraka zake, aliifuta iliyo halali akaweka ya magendo ya toleo jingine, kisha akatutoza shilingi 15,000. Kijana akapakua Windows 10 Pro kutoka kwa wenye mali, akaiweka, akaunganisha intaneti, ikajithibitisha yenyewe bila kuulizwa namba. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunaficha uso kwa wateja na kumtumia mtoto vibaya kwa ajili ya kitu kilichokuwa chini ya meza yetu. Baba watoto alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi hakuwa anacheka tena.

Mashine hiyo bado tunayo. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali prosesa yake, kwa kuwa ni ya zamani mno. Hatukutaka kurudi kwa mafundi wa flashi. Tumeweka Linux Mint, ambayo leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia, mwanafunzi au mwenye duka, bila kulipa. Tunachapa kwa LibreOffice, ndugu wa ile OpenOffice ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hatutawadanganya kwamba hakuna taabu. Mteja akileta CV aliyoiandika kwa Word, mara nyingine mistari inaruka na jedwali linavunjika, nasi tunainyoosha yeye akisimama na kutazama saa. Printa yetu nayo ilitusumbua siku nzima kabla ya kukubali. Lakini hakuna maneno pembeni ya kioo.

Kijana amehitimu na anatengeneza tovuti za watu kwa malipo. Ile namba ya pili ya chuo hakuiacha ifanye kazi hiyo. Alipopata malipo ya kwanza alinunua leseni yake, naye hakutuambia mpaka tulipouliza fedha zimekwenda wapi. Mdogo wake, binti, anaanza chuo mwaka huu. Wiki iliyopita alileta karatasi ya mambo wanayopewa wanafunzi, ukurasa mzima kwa herufi ndogo. Tumetafuta miwani, na tumefika nusu yake. Kuna sharti la tano ambalo hatujalielewa, naye ametuandikia swali alipeleke chuoni Jumatatu.