Laini ya Bei Rahisi

Usinunue laini ya simu kwa kutazama bei peke yake. Mimi nakaa Shinyanga, na mdogo wangu anachimba dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita. Nilimshauri achukue laini ya kampuni moja kwa sababu vifurushi vyake vilikuwa rahisi kupita vyote. Mama yetu alipozidiwa nilimpigia siku mbili, hakupatikana. Kumbe pale machimboni mtandao ule haukushika. Habari alipelekewa na kijana wa bodaboda, akafika tumekwisha kuzika.

Basi, kwanza waulize wenyeji wa mahali unapofanyia kazi: laini gani inashika hapa? Pili, hesabu siku. Anayepiga mara mbili kwa wiki akinunua kifurushi cha siku moja kila asubuhi, anatupa fedha. Tatu, ukiona umekosea, hama. Tangu mwaka 2017 waweza kuhamia kampuni nyingine na namba yako ikabaki ile ile. Nenda kwa wakala wa kampuni unayoitaka na kitambulisho chako cha Taifa.

Mdogo wangu amekwisha kuhama. Wewe usingoje msiba ukufundishe, kama ulivyotufundisha sisi.