Migomba Kumi na Mmoja

Walikuwa wanakata migomba tulipofika. Vijana wanne wenye mapanga, na mzee mmoja akiwaonyesha kwa fimbo: huu, na huu, ule uacheni, una mkungu mchanga. Mgomba ukianguka, wanawake waliyaburuta majani kwenda zizini kwa ng'ombe, na mashina yaling'olewa kwa jembe ili viti visije vikayumba. Nilihesabu migomba kumi na mmoja. Ilipokuwa imesimama pakabaki uwazi wa kutosha turubai moja.

Bibi yake mwenzangu alikuwa amefariki Dar es Salaam siku tatu kabla. Mwili ungewasili kesho yake alfajiri, na sisi wawili tulitangulizwa kusaidia maandalizi. Mimi ni mtoto wa Pangani. Wakati ule nilikuwa nasoma usanifu wa mandhari Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa tatu, na mlima Kilimanjaro sikuwa nimewahi kuusogelea.

Segera ndipo safari zangu zote zilipokuwa zikikata kulia kwenda Tanga. Safari hii basi lilinyoosha. Tukapita Korogwe, tukapita Mombo, kisha milima ya Upare ikatusindikiza upande wa kulia mpaka Mwanga, mikavu kwa jua la Agosti. Moshi tuliingia magharibi, tukalala kwa shangazi yake. Mji ule una jengo nililolitamani tangu mwaka wa kwanza: nyumba ya hifadhi ya shirika la KWIECO, ya wanawake waliokimbia kipigo majumbani, iliyokamilika mwaka 2015 kwa michoro ya wasanifu watatu wa Finland, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Kilichonivutia katika michoro ile ni nyua, maana mtu aliyekimbia naye anahitaji kukaa nje na kuliona anga bila macho ya barabarani kumfuata. Sikuomba kupelekwa. Nyumba ya namna ile si mahali pa kwenda mtu na daftari lake kuchungulia. Lakini nililala nikiiwaza, na asubuhi nilipanda nayo moyoni.

Tulichukua Hiace ya Boma Ng'ombe, tukavuka Kikafu, tukashuka Kwa Sadala, palipolazwa mikungu ya ndizi chini kwa mistari kama samaki wa kwetu pwani. Kutoka hapo ni Noah, watu wamebanana, barabara ikipanda kuelekea Masama. Hewa ilibadilika kabla sijauona mlima, na mlima wenyewe siku ile ulikuwa ndani ya wingu.

Nilikuwa nasubiri kijiji kianze. Kwetu kijiji kina nyumba ya kwanza na nyumba ya mwisho, na mashamba yako nje yake. Nikamuuliza mwenzangu tunafika lini, akacheka: tulikwisha kuingia zamani. Nyumba zilikuwa ndani ya migomba, kila moja katikati ya kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani. Juu kabisa mringaringa na mgrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maboga. Ng'ombe yuko bandani, halishwi nje. Samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba, na majani ya mgomba yanarudi kwake. Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya spishi 500 katika vihamba vya mlima huu. Mimi niliyefundishwa kuchora bustani nilisimama pale nikiwa sijui nianzie wapi kutazama.

Mpaka wa kihamba ni masale. Mmea huu unaheshimika sana kwa Wachaga: huota makaburini, na mtu aliyekosa akija na jani la sale mkononi kuomba radhi, ni vigumu kumkatalia. Jioni ile nilimwona jirani wa upande wa mashariki akija na panga lake mwenyewe. Alikata masale ya mpakani, kama hatua tano hivi, akayaweka kando kwa utaratibu. Nilishtuka, nikadhani kuna ugomvi. Mwenzangu akanieleza kwamba amefungua njia. Jikoni kutakuwa kwake, kwa sababu ua wake ni mkubwa. Na yale masale yakichomekwa tena ardhini yanashika.

Usiku huo niliwaza sana baraza za Pangani. Kwetu mtu akifa huzikwa upesi, mara nyingi siku ileile, na makaburi ni ya mji mzima. Wanaume hukaa barazani, kwenye kile kiti kirefu cha mawe mbele ya nyumba, ambacho aliyeijenga nyumba alikitoa kwa ajili ya wapita njia. Sikuwahi kuifikiria baraza kama kazi ya usanifu mpaka nilipokuwa Masama, nikisikiliza watu wakipasua kuni kwenye ua wa jirani. Baraza ni sehemu ya nyumba ambayo mwenye nyumba amekubali isiwe yake peke yake. Masale yanayofunguka nayo ni hayohayo, yamepandwa badala ya kujengwa.

Mwili ulikuja, na watu wakaja nyuma yake. Sijawahi kuona mamia ya watu wakimezwa na shamba namna ile. Magari yaliachwa kihamba cha nne kwa chini, kwenye kipande kilichovunwa. Sufuria za pilau na machalari zilikuwa mashariki, kwaya ilikaa chini ya mringaringa, na wapiga tarumbeta wa Kilutheri walisimama kwenye njia, kwa kuwa sauti ya shaba, waliniambia, ikipigwa ndani ya migomba haiendi mbali. Vihamba vinne vilikuwa vimekuwa uwanja mmoja kwa siku moja. Nilipima kwa hatua nikaandika: jikoni hadi turubai hatua arobaini, turubai hadi kaburi hatua sitini na tano.

Zile sitini na tano zilipaswa kuwa chache zaidi. Mmoja wa watoto wa marehemu, anayeishi mjini, alikuwa amejenga kwenye kipande chake nyumba nzuri ya vigae, akaizungushia ukuta wa tofali. Ukuta ulipita juu ya njia ya zamani. Wabeba jeneza wakalazimika kuuzunguka, kona tatu, kati ya mikahawa, mmoja akiteleza na mwingine akimdaka bega. Hakuna aliyesema neno. Mwenye ukuta mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba, na uso wake niliuona.

Simlaumu. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka, Desemba, anaogopa wezi miezi kumi na moja iliyobaki. Na ardhi imebanana. Mwaka 1984 watafiti watatu, mmoja wao Jumanne Maghembe aliyekuja kuwa waziri wa maliasili, waliandika kwamba kihamba cha wastani kilikuwa hekta 0.68. Tangu hapo kimegawanywa na kugawanywa tena. Desturi ilimpa kitinda mimba nyumba ya wazazi na kifungua mimba sehemu iliyo jirani, na wa katikati wakaenda kufungua ardhi mpya. Ardhi mpya haipo tena: juu kuna msitu, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, na chini kuna ukame. Kila mtoto akipata ukanda wake, kila ukanda unataka mpaka, na tofali ndilo linaloonekana la uhakika. Lakini ukuta ule ungeweza kuwekewa geti palepale njia ilipokuwa ikipita. Gharama ni ileile. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, na kumwambia ilikuwa kazi ya mtu kama mimi.

Usiku nilichora. Nilitafuta kiwanja cha pamoja kwa ajili ya vihamba kama ishirini: banda lenye paa pana, jiko, tangi la kuvuna mvua, mahali pa magari. Nilikiona ni kizuri. Asubuhi nilimpelekea yule mzee wa fimbo, ndugu yake marehemu. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akauliza maswali ya maana kuhusu paa. Kisha akauliza:

"Na marehemu atalala wapi?"

"Kwake, babu."

"Basi watu nao watakwenda kwake."

Nikaukunja. Banda lingefaa harusi na mikutano, na bado nafikiri lingefaa. Ila msiba wa Masama hauwezi kuhamishwa kwenda kiwanjani, kwa sababu kaburi liko kwenye kihamba na aliyezikwa anaendelea kuwa wa pale.

Babu akaniambia nivae viatu vizuri, twende kwenye mfongo, mfereji wao wa maji. Tulipanda muda mrefu, yeye mbele na fimbo yake, hadi korongoni ambako maji ya mto yanakingwa kwa mawe na udongo, kisha yanaongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho langu liliona kama yanapanda. Johannes Rebmann alipofika mlimani mwaka 1848 aliikuta mifereji hii, wala haikuwa mipya. Imechimbwa bila kipimo cha chuma, na inasafishwa kwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu, asiyekuja anatozwa. Maji yana zamu. Babu alinionyesha kwa fimbo mahali maji yanapogawanywa, kwa bonge la udongo na majani ya mgomba tu, akaniambia kuwa juzi nyumba mbili za juu ziliacha zamu yao ili maji yafike jikoni kwetu. Hawakuombwa. Walisikia habari ya msiba, wakaziba.

Siku ya nne, watu wakiwa wameondoka, majirani walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu na chipukizi la mgomba begani. Mashimo kumi yalikuwa yamechimbwa, yamejazwa samadi. Kupanda mgomba Agosti ni kupoteza mgomba, pasipokuwa na mfongo. Zamu siku ile ilikuwa ya kwetu, na maji yaliletwa kwa kijifereji hadi shimo la mwisho. Nilihesabu mashimo mara mbili.

"Babu, ilikatwa kumi na mmoja."

"Wa kumi na moja tunauacha." Alisimama pale ulipokuwa, karibu na mpaka, akanyoosha fimbo kuelekea makaburini. Ukuta ulikuwa kushoto kwake. Mbele yake palikuwa wazi. "Wewe si una kamba ya kupimia? Nipimie jeneza, na watu wanaolibeba huku na huku, na nafasi ya mtu kuteleza."

Nilitoa futi kamba. Mwenye nyumba ya vigae alikuja akashika ncha ya pili bila kuitwa. Ilitoka mita mbili na nusu. Babu akachomeka sale la kwanza upande wangu, la pili upande wake, akatwambia tusogee hatua moja mbele tukiwa tumeishika kamba hivyohivyo.