Je, Mtu Husomea Kuzungumza?

Mhariri Mpenzi, Nakuomba unipe nafasi kidogo katika gazeti letu ili niwaeleze wasomaji wenzangu jambo lililotusumbua nyumbani tangu mavuno yaliyopita. Najua halitusumbui sisi peke yetu. Siku hizi vijana wengi wa vijijini wamemaliza chuo kikuu, na baadhi yao hurudi kwa wazazi kuomba ada kwa mara nyingine.

Mdogo wangu wa kike alipata shahada ya kwanza katika uandishi wa habari, kisha akafanya kazi miaka minne katika redio moja ya mkoani. Mwaka huu alikuja akamwambia Baba kwamba ataka kuendelea na shahada ya pili, ile iitwayo uzamili, katika mawasiliano ya umma na vyombo vipya vya habari. Ada yake ni mamilioni ya shilingi. Kwetu hakuna fedha iliyokaa bure. Kuna ng'ombe watano na majaruba ya mpunga bondeni. Basi Baba akawaita ndugu zake kwa shauri. Baba mdogo alicheka, akauliza, "Tangu lini mtu akasomea kupashana habari? Mama zenu kisimani wamepitia chuo gani?" Tulicheka sote, lakini swali lilikuwa la haki. Baba akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi karani wa parokia na nimepitia chuo cha ualimu, akataka nimweleze vizuri kabla ya ng'ombe yeyote kupelekwa mnadani.

Niliyomjibu ndiyo ninayowaandikia.

Kwanza, yafaa tujue masomo haya ni nini. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kazi yenyewe: kuandika habari, kuhoji watu, kutumia kinasa sauti, kupanga ukurasa wa gazeti. Katika shahada ya pili huulizwa maswali mazito zaidi. Habari ikishatoka kinywani mwa msemaji, huenda wapi? Nani huiamini, na kwa sababu gani? Kwa kawaida masomo hayo huchukua mwaka mmoja na nusu hata miwili. Sehemu ya kwanza ni ya darasani. Katika sehemu ya pili mwanafunzi huchagua jambo moja, huenda kulichunguza kati ya watu, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya walimu wake.

Wala masomo haya si mageni katika Kanisa letu. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, pamoja na Mapadre Weupe, alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, karibu na Ziwa Victoria. Uandishi wa habari ulifundishwa hapo. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na leo mtu aweza kusoma hapo mawasiliano ya umma hata akapata uzamili.

Kisha nikampa Baba mfano mmoja wa zamani ambao wanafunzi wa elimu hii hufundishwa katika nchi nyingi. Mwaka 1940 Wamarekani walikuwa wakimchagua rais wao. Mtaalamu aitwaye Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawauliza watu wale wale mara kwa mara, mwezi hata mwezi, watampigia nani kura na ni nini kilichowavuta. Wengi wa siku hizo waliamini kwamba redio na magazeti yaweza kumgeuza mtu upesi. Wataalamu hao waliona jambo jingine. Watu wengi walivutwa zaidi na watu wenzao. Palikuwa na jirani mwenye kupenda kufuatilia mambo; huyo alisoma gazeti na kusikiliza redio, kisha akawaeleza wengine kwa maneno yake, nao wakamsadiki kwa kuwa walimjua. Kitabu chao kilitoka mwaka 1944, nacho hutajwa vyuoni mpaka leo.

Baba mdogo akasema, "Basi hao ndio mama wa kisimani."

Nikamjibu, "Ndio hao hao, Baba. Ila mtaalamu amekwenda kisimani, akakaa, akasikiliza, akahesabu."

Hapo Baba mwenyewe akakumbuka habari za ujana wake. Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa muda wa wiki 12 watu walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, vijijini na mijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na vitabu vidogo vya kusoma. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, na wanakikundi wakazungumza wao kwa wao: malaria yatokana na nini, kichocho chapatikana wapi, kuhara kwaletwa na nini, na sisi hapa kwetu tufanye nini wiki hii. Baba asema yeye na marehemu Babu walitoka katika kikundi chao wakaenda kuchimba choo. Walioshiriki katika kampeni ile walifikia kama milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa kama 75,000. Ni moja ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima Afrika, na wanaosoma mawasiliano huichunguza hata sasa. Redio peke yake haikuchimba vyoo vile. Redio ilileta neno, kikundi kikalitafuna, jembe likafuata.

Sasa tuje kwenye hivi vyombo vipya, kwa maana ndivyo vilivyo mifukoni mwetu. Redio ina msemaji mmoja na wasikilizaji wengi. Simu ya siku hizi imemfanya kila mmoja kuwa msemaji. Ujumbe waingia asubuhi, na kabla ya chai umekwisha kupita katika makundi kumi, wala hakuna ajuaye nani aliuandika. Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo ilifaa pale msemaji alipojulikana kwa jina na kwa nyumba yake. Alisema uwongo leo, kesho tulikutana naye njiani. Kwenye simu twaweza kulipokea neno la mtu ambaye hatutakutana naye kamwe.

Mwaka 2018 wataalamu watatu wa chuo cha MIT huko Marekani walitoa uchunguzi wao juu ya habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa katika mtandao wa Twitter tangu mwaka 2006 hata 2017. Waliona kwamba habari ya uwongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupitishwa kwa wengine, kwa asilimia 70, kuliko habari ya kweli. Tena waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa watu wenyewe, si mitambo. Uwongo huja na jambo jipya la kushangaza, na mtu hupenda kuwa wa kwanza kuwaambia wenzake. Hata wenye WhatsApp waliona hatari hiyo. Mwaka 2019 waliweka mpaka kwamba mtu asiweze kupitisha ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na mwaka 2020 wakazidi kuubana ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi.

Tazameni yaliyotokea parokiani kwetu. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ilifanya kampeni ya kutoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Muuguzi wa zahanati alileta tangazo, nami nikalisoma baada ya Misa. Lakini ujumbe wa simu ulikuwa umetangulia, nao ulisema kwamba chanjo hiyo itawafanya wasichana wawe tasa. Siku ya kwanza wazazi wengine waliwazuia binti zao wasiende shule. Tangazo walilisikia, hawakuwa na sababu ya kulisadiki kuliko simu. Lililosaidia ni hili. Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, aliyemwuguza dada yake mpaka kaburini kwa saratani ile ile, alikwenda nyumba hata nyumba pamoja na muuguzi. Hakubishana na mtu. Aliuliza, "Mnaogopa nini?" akanyamaza, akasikiliza, ndipo akasimulia habari za dada yake. Kabla ya wiki kwisha wasichana wengi walikuwa wamechanjwa.

Mama yule hajui kusoma. Lakini alilolifanya ndilo lile walilolikuta wataalamu huko Ohio mwaka 1940, na ndilo lililofanya kazi katika nchi yetu mwaka 1973. Kwa hiyo mwenye shahada ya uzamili asifikiri kwamba atakuja kutufundisha kuzungumza. Kazi yake ni kuchunguza kwa nini mama huyu aliaminiwa, ujumbe wa simu ulipitia kwa nani, na tufanyeje ili safari ijayo neno la kweli litangulie. Kazi hiyo yahitaji elimu. Kijijini kwetu mtu wa kuifanya kwa utaratibu hatuna.

Baada ya hayo Baba alimwita binti yake, akamwuliza mbele yetu, "Mwanangu, wataka karatasi au wataka kujua?"

Mdogo wangu alijibu kwa heshima, "Baba, nimesoma taarifa ya habari miaka minne. Mpaka leo sijui nani alinisikia, wala alifanya nini baada ya kunisikia. Hilo ndilo nataka kujua."

Baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba ng'ombe wawili watauzwa, majaruba hayataguswa, na fedha inayobaki ataitafuta mwenyewe kwa kazi yake. Shauri likaishia hapo, na hata Baba mdogo aliridhika.

Wazazi wenzangu, msiuze ng'ombe kwa sababu ya jina kubwa la shahada. Kazi za redio na magazeti si nyingi, na uzamili si ahadi ya mshahara. Mwulizeni kijana mambo matatu. Kwanza, je, amekwisha kufanya kazi hiyo, hata kidogo, akaona ugumu wake? Pili, ana swali gani ambalo halimpi usingizi? Asiye na swali atazunguka miaka miwili na kurudi na joho tu. Tatu, atakwenda kuchunguza maisha ya watu gani, na watu hao watapata nini? Akijibu vema, msaidieni kadiri ya uwezo wenu bila kuuza shamba linalowalisha wadogo zake. Akishindwa kujibu, mwambieni asubiri; chuo hakikimbii.

Nasi tuliobaki vijijini tunalo jukumu letu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, ukataka mapadre, watawa na walei wafundishwe kuvitumia vema. Tangu mwaka 1967 Kanisa huadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Duniani kila mwaka. Katika ujumbe wake wa mwaka 2018 marehemu Papa Fransisko alitukumbusha kwamba habari ya uwongo ya kwanza ililetwa na nyoka katika bustani ya Edeni. Mwaka 2022 akatuhimiza tusikilize kwa sikio la moyo. Yule mama mzee wa jumuiya yetu nadhani hakuusoma ujumbe huo, lakini aliutimiza.

Basi ujumbe ukiingia katika simu yako, ndugu msomaji, usiupitishe kabla ya kujiuliza: Nani amesema? Amejuaje? Na jirani yangu atadhurika nini kama si kweli? Katika mkutano wa jumuiya ndogondogo wiki hii, tengeni nafasi kidogo kabla ya sala ya mwisho, kila mmoja ataje neno alilolisikia ambalo hana hakika nalo, na wengine wasikilize mpaka amalize. Ada ya masomo hayo ni uvumilivu tu.

Ni mimi wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia